Mafunjo Yasiyokatwa

Lilikuwako faili moja katika ofisi ya mazingira ya baraza la mji ambalo Nerima alilikwepa kwa miezi mingi, kama mtu anavyokwepa njia ya nyumba yenye msiba asiohudhuria.

Faili lenyewe halikuwa na makosa. Ndani mlikuwa na ramani, karatasi kumi na moja za vipimo, na barua ya mwaka 2007 ambamo baraza lilikubali kutoa saruji, pikapu na vibarua wawili, ili pale mto Malewa unapoingia Ziwa Naivasha pawekwe mipaka na pasilimwe. Maana watu walikuwa wamekwisha kuanza kulima. Ziwa likijivuta nyuma hatua kumi, nyanya husonga mbele hatua ishirini. Na mafunjo, yale majani yanayosimama majini marefu kuliko kimo cha mtu, ndiyo chujio la ziwa zima. Mto ukishuka na udongo wa mashamba ya milimani, mafunjo huunasa. Samaki huzalia katika mizizi yake, ndege hujenga humo, viboko hupita humo kama wenye nyumba. Wavuvi walikwisha kuliambia baraza: yakiisha mafunjo, mtabaki na dimbwi la tope mliite ziwa.

Kazi ya kupima walipewa watu wawili. Mmoja alikuwa Nerima, afisa msaidizi wa mazingira, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Naivasha, ambaye babake aliletwa na kazi ya reli kutoka Bungoma. Mwingine alikuwa Ooko, mpimaji wa baraza, mtu mrefu, mkimya, asiyekosa njugu mfukoni. Ndani ya mafunjo watu wawili hawaonani hata wakiwa hatua tano, kwa hiyo walipima kwa sauti. Ooko alitangulia na ncha ya tepu, akapotea katika majani, kisha Nerima akasikia: "Vuta!" Akavuta. "Soma!" Akasoma nambari kwa sauti. Wala Ooko hakuandika mpaka isomwe mara ya pili.

"Nambari ya mara moja ni uvumi," alizoea kusema.

Kufikia Desemba walikuwa wamesimamisha bikoni kumi na nne, nguzo fupi za saruji za kuonyesha mpaka. Zilibaki nne tu, za kipande cha mwisho, pale mto unapojigawa vijito kabla ya kuingia ziwani.

"Tutamaliza baada ya kura," Ooko alisema, akikunja tepu.

Baada ya kura nchi iliwaka. Naivasha ilikawia karibu mwezi mzima, watu wakadhani janga limewapitia kando. Kisha Jumapili ya mwisho wa Januari vijana wenye mapanga na mitungi ya petroli wakatoka, wakaanza kuuliza majina mlango kwa mlango, wapate kujua nani ametoka magharibi. Nerima alikuwa amekimbilia ua wa kituo cha polisi tangu alfajiri, na mkoba mmoja na viatu visivyolingana. Saa nne asubuhi simu yake ikalia.

"Nerima, wako kwa geti ya ploti," Ooko alinong'ona. "Nikuje huko?"

"Usipite barabara, wamefunga! Tokea nyuma, shuka mpaka mto, ingia mafunjo. Ngoja pale bikoni ya kumi na nne. Nitatuma gari."

"Utatuma?"

"Nitatuma, Ooko. Ingia tu."

Alimwendea afisa mmoja, akaambiwa angoje. Akaenda tena. Mara ya tatu yule afisa alimwonyesha ua uliojaa akina mama na watoto na magodoro, akamwuliza, "Gari gani, mama? Wewe unaona gari?" Jioni simu ya Ooko ilikuwa imezima. Kesho yake pia. Siku ya tatu likaja lori la kupeleka watu magharibi, na Nerima akapanda. Baadaye hilo ndilo alilolirudia moyoni kuliko yote: kwamba hakuna aliyemsukuma. Alipanda kwa miguu yake mwenyewe, tena akagombania nafasi.

Aliporudi kazini mwezi wa Machi, polisi walikuwa wameyatazama mafunjo kutoka ukingoni, wakasema viboko ni wengi mno, na jina la Ooko likaingizwa katika orodha ya waliopotea. Kila Jumapili baada ya kanisa, mkewe Truphosa alipiga simu kutoka nyumbani kwao, upande wa Yala. Halii, halaumu. Anauliza tu kama kuna habari. Na Nerima hujibu, "Hakuna, Mama Akoth. Bado tunatafuta." Hakumwambia ni nani aliyemtuma Ooko mafunjoni.

Aprili akaanza kusikia. Si usiku, usiku alilala kama gogo. Ilikuwa mchana kweupe, saa sita hivi au saa saba, wakati upepo wa ziwani unapoamka. Yuko ofisini anapiga muhuri, au sokoni anachagua sukuma wiki, na sauti inatoka mbali kidogo, sauti ya mtu mwenye subira: "Soma!" Aligeuka mara nyingi hata mwuza mboga akamwuliza kama kuna mtu anamfuata. Siku moja alijibu. Alikuwa peke yake katika stoo ya ofisi, akasema kwa sauti, "Kumi na nne." Kisha akaketi sakafuni, kwa sababu alihisi wazi, kama unavyohisi mtu aliyesimama nyuma ya mlango, kwamba huko kuna anayengoja aisome mara ya pili.

Mara nyingine aliipiga ile nambari ya Ooko. "Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa," ilisema sauti ya kike ya kwenye simu, kwa upole uleule wa kila siku.

Oktoba, Kipkemei akamwita. Huyu Kipkemei alikuwa mkuu wa idara yao, mtu wa makamo aliyechoka kabla ya umri wake, lakini mwenye kushika neno.

"Nerima, baraza linakaa Alhamisi ijayo," alisema. "Madiwani wapya wamekubali kusikiza ile sheria ndogo ya kulinda mdomo wa mto. Nimewabembeleza miezi mitatu. Ramani iko?"

"Iko, mkubwa. Lakini inaishia bikoni ya kumi na nne."

Kipkemei alivua miwani akajisugua macho. "Basi tuchore laini moja kwa moja kutoka hapo mpaka majini, kile kipande kingine tukiache. Hakijapimwa. Diwani hawezi kulinda kitu hakijapimwa."

"Na tukikiacha?"

"Kitalimwa. Kuna mtu ameshaleta trekta kutazama. Mvua ikinyesha tu, hayo mafunjo yameenda." Akavaa miwani tena. "Sikulazimishi urudi huko. Ningekuwa na mpimaji mwingine ningemtuma."

Nerima aliliona lile trekta kana kwamba liko mbele yake, likipindua udongo mweusi, na kila kilichomo ndani ya udongo kikija juu.

"Nitaenda kesho," alisema.

Vibarua wa baraza walimfikisha ukingoni wakagoma kuingia. Walisingizia viboko. "Si viboko, madam," mmoja alikiri mwishowe, akitazama pembeni. "Watu wanasema pale si pazuri tangu Januari."

Ndipo Nerima alipomwendea Wariara. Wariara alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mkata mafunjo, mwenye kuuza mashada kwa wasukaji wa mikeka. Tena alikuwa adui wa ile sheria. Alikwisha kuja ofisini mara mbili kugombana. "Mnafunga mto, mimi nikule nini? Saruji?" Lakini hakuna aliyezijua njia za mle kama yeye. Nerima alipomweleza anataka kwenda wapi, Wariara alilijaribu panga lake kwa kidole gumba.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nikionyesha njia, unafuata. Usiniulize mambo mengi."

Ukiingia mafunjoni jua hubaki nje. Ndani kuna mwanga wa kijani, na ardhi isiyo ardhi, inayodidimia chini ya buti na kujirudi polepole nyuma yako kama mkate. Bikoni ya kumi na nne ilikuwa imesimama vilevile, imechafuliwa na ndege. Nerima aliigusa kwa kiganja. Ilikuwa baridi. Akampa Wariara ncha ya tepu, akamwambia atembee mpaka atakaposikia ikikaza, basi. Hakumwambia la kutamka. Wariara akatangulia, majani yakafunga nyuma yake, tepu ikatambaa, ikakaza.

"Soma!" ikaja sauti kutoka ndani.

Ilikuwa sauti ya Wariara, hapana shaka. Lakini lile neno lilivutwa mwishoni vilevile, kwa subira ileile. Nerima aliifuata tepu mbiombio mpaka akamfikia.

"Nani alikufundisha kusema hivyo?"

"Si ndivyo mnasemanga?" Wariara alijibu bila kumtazama. "Endelea na kazi, madam."

Wakaendelea. Kila walipopita palikuwa na alama za panga la Wariara: mashina yaliyokatwa mshazari, machipukizi mapya ya kijani changa. Kisha wakatokea mahali pamoja, pakubwa kama chumba cha kulala, palipoinuka kidogo kuliko maji, ambapo hakuna shina hata moja lililoguswa. Mafunjo ya pale yalikuwa yamezeeka, vichwa vimekauka rangi ya kahawia, yameinamiana.

"Mathe, mbona hapa hukati?" Nerima alimwuliza Wariara.

"Ni mabaya. Yamezeeka."

"Yamezeeka kwa sababu hayakukatwa."

Ndege fulani alilia mbele, akanyamaza. Wariara akaketi palepale kwenye tope, panga mapajani, kama mtu aliyetua mzigo bila kuulizwa.

"Nilimkuta Jumatatu," alisema. "Nilikuja kukata, njaa haijui vita. Alikuwa ameketi kando ya hiyo saruji yenu. Mguu umekatwa, hapa kwa paja, ameufunga na shati. Akanisalimia. Akaniambia, mama, usiogope." Alitikisa kichwa. "Mimi ndiyo nilikuwa na panga, na yeye ananiambia nisiogope."

Nerima alianza kuikunja tepu, akaiacha.

"Nilimletea chakula kwa gunia la kubebea mafunjo, mtu asione. Nikamwambia kuna njia ya wavuvi, nikuvushe polepole, utokee ng'ambo. Akakataa. Akasema kuna gari inakuja. Kwamba akitoka hapo hiyo gari haitamwona, kwa sababu hapo ndipo ameambiwa angoje. Jumanne nikamwambia tena. Akakataa. Jumatano homa ilikuwa imempanda, hanijui. Anaita tu: Soma! Soma! Nikadhani ni jina la mtu. Alhamisi nilikuja nikakuta amenyamaza." Alionyesha pale palipoinuka kwa kidevu, si kwa kidole. "Nilichimba na hili panga na mikono. Haikuenda chini sana. Nimeomba msamaha kwa hiyo."

"Na hukumwambia mtu."

"Nimwambie nani? Mimi ni mtu wa huku. Wa kwetu wangeniuliza kwa nini nilimficha. Wa kwao wangeniuliza kwa nini alikufa."

Upepo wa saa sita ulipita juu ya mafunjo, vichwa vyote vikainama upande mmoja, vikainuka. Nerima alikuwa amepiga magoti bila kujua ni saa ngapi alipiga magoti.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nilimwambia angoje hapa. Gari ni mimi."

Wariara hakumpa pole wala hakumlaani. "Basi tuko wawili," alisema. Kisha, kwa kuwa jua halingojei, akainuka akaishika ncha ya tepu. "Tumalize?"

Walimaliza. Walichomeka vijiti mahali pa bikoni zile nne, na mstari ukazunguka nje kabisa ya vijito, ukaacha ndani mdomo wote wa mto.

Siku ileile, kabla hajavua buti, Nerima alimpigia Truphosa. Upande wa pili kulikuwa na kuku, na mtu anatwanga.

"Leo si Jumapili," Truphosa alisema, na sauti yake ikawa tayari imebadilika.

Nerima alimwambia yote. Hakupunguza kitu, hata lori. Alipomaliza, kutwanga kulikuwa kumekoma.

"Kwa hiyo miezi yote hii ulikuwa unajua pa kutafuta," Truphosa alisema.

"Nilikuwa najua, Mama Akoth."

"Nitakuja." Akakata.

Kesho yake, kabla ya kwenda kuandikisha taarifa kituoni, Nerima alimweleza Kipkemei. Kipkemei akasema kwa upole kwamba Nerima angeweza kungoja mpaka Ijumaa, kikao kipite. Kuna diwani mmoja au wawili wangefurahi kusikia mahali pale pana uchunguzi, jambo liahirishwe, na mvua zije.

"Nimengoja vya kutosha, mkubwa," Nerima alisema, na Kipkemei akainamisha kichwa, akachukua simu ya mezani kuwapigia madiwani mmoja mmoja, awaombe wasiahirishe.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wavuvi walisimama nyuma, wakulima wa nyanya mbele. Diwani mmoja alishika ramani juu akataka kujua kwa nini mstari unapinda mbali hivyo, ukila ardhi nzuri. Nerima alisimama akajibu kwamba ndipo mto unapoishia. Mtu hawezi kulinda mdomo akaacha midomo. Watu wakacheka, na yeye akashangaa kwamba watu bado hucheka. Kisha Wariara akainua mkono. Alisema yeye hataki saruji, lakini trekta hataki zaidi. Mafunjo yakikatwa huota. Yakilimwa hayaoti. Wamruhusu yeye na wenzake kukata kwa zamu, waache theluthi imesimama, nao watakuwa macho ya baraza mle ndani bure, maana wao ndio huingia kila siku. Walibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Sheria ikapita na kifungu cha Wariara ndani yake, kura tisa kwa tano.

Truphosa alifika Jumamosi na shemeji yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, amevaa koti la Ooko, mikono ya koti imekunjwa mara mbili. Polisi walichimba kwa muda mfupi tu. Wariara alikuwa amesema kweli, haikwenda chini. Truphosa alisimama karibu wakati wote, hakugeuza uso. Walipokwisha kumfunga Ooko katika shuka alilokuja nalo mkewe, Truphosa alitazama huku na huku mpaka macho yake yakamwona Wariara, aliyejitenga nyuma ya watu, na shada la mafunjo mgongoni ili aonekane anapita tu.

Akamwendea.

"Ni wewe?"

Wariara alitikisa kichwa kukubali.

"Alikula nini?"

"Githeri, mahindi na maharagwe," Wariara alisema kwa sauti ndogo. "Siku ya pili viazi."

"Githeri alikuwa hapendi."

"Alikula yote."

"Alishiba?"

"Siku mbili alishiba, mama. Ya tatu hakuweza."

Truphosa aliushika mkono wa Wariara wenye tope, akaushikilia, na shada likateleza mgongoni mwa Wariara likaanguka majini, wala hakuna aliyeliokota. Walisimama vile mpaka shemeji akaja kusema ni wakati.

Alipompita Nerima, Truphosa alisimama. "Wewe bado sijui nitakuambia nini," alisema. Hakuwa na ukali. Alisema kama mtu anayetaja kazi iliyobaki.

Nerima alikwenda kwenye mazishi hivyohivyo, bila kualikwa. Uani kwa Ooko watu walikuwa wengi, na habari zilikuwa zimemtangulia. Alipoingia, mazungumzo yalipungua, yakaendelea. Aliketi nyuma ya jiko la nje, mahali akina mama wa kijiji walipokuwa wakimenya vitunguu. Hawakumsalimia. Hawakumfukuza. Baada ya kitambo shangazi mmoja mzee wa Ooko, bila kuinua macho, alisukuma beseni la vitunguu kwa mguu mpaka likamfikia, na kisu juu yake.

Nerima akachukua kitunguu, akaanza kumenya.